Santuri ya Solo na Chuma

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote. Msusi alifungua mlango wa sebule, ambayo ndiyo saluni yake, akafagia nywele za jana zilizokimbilia chini ya kabati, akachemsha maji ya kuoshea vichwa. Wateja walishaanza kuingia, kila mmoja na kichwa chake na maneno yake. Saluni ile watu hawakuwa wakiifuata kwa ajili ya nywele peke yake. Nywele hata mdogo wako anaweza kukusuka mkiwa mmekaa mlangoni. Lakini habari za watu atakupa nani?

Mama yake alipita na ndoo mkononi, akasimama kidogo.

"Mwanangu, ukipata nafasi leo hebu toa yale madude ya nyuma ya godoro kule stoo. Tupate pa kuweka draya yako mbovu."

Shikeni hapo hapo. Ni mama aliyesema.

Msusi akamwacha mteja mmoja na nusu ya kichwa, akaingia stoo. Nyuma ya godoro palikuwa na feni isiyo na mapanga, beseni lililotoboka, na kitu bapa kilichofungwa ndani ya foronya. Akafungua fundo. Ilikuwa santuri, zile sahani nyeusi za muziki za zamani, ndani ya jalada la karatasi ngumu lililofifia rangi. Kwenye jalada walikaa wanaume wawili juu ya stuli, wamevaa suti, wanacheka na mpiga picha. Mmoja amekumbatia gitaa la umeme kifuani. Mwenzake gitaa lake kalilaza mapajani, kama mtu anayetaka kukatia mboga juu yake, na mkononi kashika kipande cha chuma kinachong'aa.

Akarudi nayo sebuleni. Mteja wa nusu kichwa, ambaye mtaani tunamwita Mama Pacha, akainyakua kabla hata hajapewa.

"Lete nione. Huyu wa kifuani si Solo, baba yako wa sasa? Tazama alivyokuwa na kiuno, siku hizi kimekwenda wapi? Na huyu..." Akanyamaza. Mama Pacha kunyamaza ni kama mvua kunyesha kwenda juu. "Huyu ndiye Chuma. Marehemu. Baba yako wa kukuzaa. Umechukua pua yake, pole."

Msusi alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye picha. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo wa kubebwa, na nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja. Mama alisema ziliungua. Ziliungua wapi, na moto gani, hakusema.

Hebu niwaeleze, wasiojua wajue. Solo na Chuma walikuwa marafiki wa kuazimana mashati. Solo alipiga gitaa la umeme la kawaida. Chuma alipiga lile la kulaza mapajani, ambalo halibanwi kwa vidole ila linatelezeshwa kipande cha chuma juu ya nyuzi, likatoa sauti ya kuvuta, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Santuri yao ilikuwa moja tu, na haikuwa na mwimbaji. Gitaa liliuliza, gitaa likajibu, basi. Watu waliipenda wakasahau kwamba haina maneno.

Kisha siku moja, wakiwa mazoezini wawili peke yao, mlango umefungwa, umeme ukampiga Chuma. Alikutwa amekaa, gitaa bado liko mapajani. Nyuzi zilikuwa zimemwachia michirizi ya moto. Solo alitoka nje akilia kama mtoto. Hakushika gitaa tena. Akaenda kusomea ufundi wa umeme, jambo ambalo wengine walisema ni majuto na wengine wakasema ni jambo lingine. Eda ya mjane ilipokwisha na machozi yakakauka, akamwoa.

Mtaa ulisema. Lakini ulisema kwa sauti ya chini, kwa sababu Solo ndiye aliyetandaza nyaya za nyumba zetu zote, na mtu anayejua swichi zako zilipo humsengenyi kwa kelele.

Msusi hakuwahi kuyaamini maneno hayo. Angeyaamini vipi? Mama alipokuwa ndani analia, ni Solo aliyemkalisha mtoto katikati ya magoti yake, akamsuka. Vile vidole vya gitaa vilikuwa vyepesi, haviumi. Kazi inayomlisha leo Msusi alifundishwa na huyo baba wa kambo, na hakuwahi kumwita jina lingine ila Baba. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye mizani siku ile, ingawa Msusi hakujua bado: ama baba huyu, ama muuaji wa baba yule.

Mama Pacha akasema, "Tuisikie basi. Au tutaitazama kama harusi ya watu?"

Fundi redio wa upande wa pili wa barabara alikuwa na kinanda cha santuri kilichosubiri mwenyewe tangu zamani. Akakileta, akakichomeka, akaweka sindano. Ikakwaruza kidogo. Halafu gitaa la Solo likaingia, la haraka, la kujidai, kijana anayepita mbele ya nyumba ya wasichana. Likauliza. Likatulia.

Chuma akajibu.

Mikono yote ilisimama vichwani. Hata maji kwenye beseni yalikuwa yametulia. Msusi alihisi nywele za shingoni zikisimama moja moja, akasema moyoni kwamba ni muziki mzuri tu, muziki mzuri humfanya mtu hivyo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha Solo aliporudi kutoka kazini, koleo mfukoni, viatu vimejaa vumbi la ukuta. Akasimama mlangoni. Akatembea polepole mpaka kwenye kiti cha wateja, kile cha ngozi nyekundu, akakaa kama mtu aliyesukumwa mabega.

"Nani kaitoa hii?"

"Ilikuwa stoo, Baba. Mbona nzuri hivi, mkaificha?"

Solo alikuwa akitazama mapaja yake. Akaweka mikono juu yake, akaisogeza taratibu, kama anayepapasa kitu kisichoonekana.

"Nani kaniwekea mzigo?" alinong'ona.

Hapakuwa na kitu. Alijaribu kusimama, hakuweza. Msusi akakimbilia kinanda, akainua sindano. Muziki ukakatika, Solo akasimama hapo hapo, akacheka kicheko kifupi, akasema ni uchovu, akaenda kuoga.

Lakini Mama Pacha alikuwa ameinua uso. Msusi naye alisikia. Sindano ilikuwa juu, na sauti ile ya kuvuta iliendelea kidogo. Ikafifia polepole, ikaisha.

Ilitoka darini.

"Mabati hayo," Mama Pacha alisema. "Jua likiyapiga yanalia." Akaondoka na nusu kichwa chake, na mtu yule huwa haondoki saluni hata akimaliza.

Sasa ungekuwa wewe, ungeirudisha santuri kwenye foronya. Msusi alikusudia hivyo. Lakini shaka ni kama nywele iliyoingia mdomoni. Huioni, na huwezi kuacha kuitafuta kwa ulimi. Kwa nini mama aliificha bila kuivunja? Kwa nini Baba, alipopata nguvu, hakuuliza tena kilichomshika miguu? Mtu asiye na hatia huuliza.

Jumatatu akaipiga tena, Solo akiwa anakunywa chai kwenye kiti kile kile. Kikombe kikatulia njiani, hakikufika mdomoni. Mzigo ule ule. Safari hii Msusi hakuinua sindano haraka. Alijifanya anatafuta chanuo. Alisikiliza, na alilolisikia lilimfanya asahau chanuo alilokuwa akilitafuta.

Gitaa la Solo lilikuwa limepungua. Siyo santuri nzima. Gitaa lile tu. Jumamosi lilijaza chumba. Leo lilisikika kama linapigwa nyumba ya jirani, na gitaa la chuma lilikuwa karibu zaidi, karibu ya mtu anayekupumulia sikioni.

Alipozima, Solo hakusimama mara moja. Ilibidi amshike mkono. Na vidole vyake, vile vidole vyepesi, vilikuwa baridi na havikunji.

Akamfuata mama jikoni.

"Mama, Chuma alikufaje?"

Mama aliendelea kumenya viazi. Kichwani alikuwa amejifunga kile kitambaa chake cha buluu chenye maua meupe, ambacho alikishona mwenyewe kutoka kwenye gauni lake la zamani.

"Umeme ulimpiga. Hujui?"

"Na gitaa lake liko wapi?"

Kisu kikasimama.

"Hao watu wa magitaa wana sheria zao," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wa gitaa la chuma kila mmoja hukaza nyuzi zake kwa mpango wake, siri yake, hamwambii hata mkewe. Akifa, mwenzake wa kazi huzilegeza nyuzi siku ile ile, kabla maiti haijatoka. Ule mpango ufe naye. Mkono wa marehemu ukikuta nyuzi bado zimekaza, unarudi kazini."

"Na za Chuma zililegezwa?"

"Solo aliniambia alizilegeza. Akasema gitaa amelitia moto." Kisu kikaanza tena. "Aliniambia."

Namna alivyolisema lile neno la mwisho, Msusi aliondoka jikoni akijua kwamba mama mwenyewe haliamini.

Siku iliyofuata ilinyesha. Mvua ya mchana, nzito, hakuna mteja. Solo hakwenda kazini. Miguu, alisema. Alikaa kwenye kiti chekundu akitazama barabara, taulo begani, anasubiri mvua ikatike. Mama alikaa kwenye benchi la wateja, akishona. Msusi aliwatazama wote wawili, watu waliomlea, akaona kwamba hajui chochote kuhusu yeyote kati yao.

Akaweka sindano.

Safari hii gitaa la Solo halikusikika kabisa. Chuma alijibu maswali yasiyoulizwa. Solo akafumba macho. Mama hakuinua kichwa, ila uzi ulisimama kwenye kitambaa.

Radi ikapiga. Umeme ukakatika mtaa mzima. Sahani ikapunguza mwendo, ikazunguka kidogo, ikasimama.

Muziki haukusimama.

Ulikuwa juu yao. Mvua ilipiga mabati, na chini ya mvua, juu ya mbao za dari, chuma kiliteleza kwenye nyuzi. Taratibu. Mtu asiye na haraka.

"Sikuzilegeza," Solo alinong'ona.

Hakuna aliyemwuliza. Aliendelea mwenyewe, mikono imening'inia pembeni, mapaja yamebonyea ndani ya kiti kana kwamba gunia la saruji limelala juu yake.

"Nilitaka ule mpango wake. Alinificha, mimi, rafiki yake. Nikasema nitalificha gitaa, nitajifunza, kisha nitazilegeza. Sikuweza kujifunza. Kila nikilishika lilikuwa limeshakaa mapajani kwangu kabla sijalishika." Akameza mate. "Liko juu. Mwanangu, panda ukazilegeze. Linanivunja."

"Na siku ile, Baba?" Msusi aliuliza. "Siku ya umeme?"

"Tulikuwa na desturi. Yeye anakaza nyuzi, anaweka kila kitu sawa, mimi nasimama kwenye soketi na plagi mkononi. Akisema tayari, nachomeka. Spika ile ilikuwa mbovu, tulijua. Akiwa amegusa waya vibaya..." Akafungua macho. "Alisema tayari. Nilimsikia. Nilichomeka kwa sababu alisema tayari."

Mama alikata uzi kwa meno.

Msusi akasimamisha meza chini ya mlango wa dari, akaweka stuli juu yake, akapanda na tochi ya simu. Vumbi lilikuwa nene kama blanketi. Buibui, kinyesi cha popo, misumari iliyopinda. Na katikati, juu ya boriti mbili, gitaa la kulaza mapajani.

Halikuwa na vumbi.

Aligusa mbao. Ilikuwa ya moto. Nyuzi zilitetemeka zenyewe, na kipande cha chuma kilikuwa kimelala juu yake, kikisogea. Kidogo. Kidogo tena. Pembeni ya gitaa palikuwa na kitambaa cha kufutia, kimekunjwa vizuri, kimetumika siku nyingi. Akakimulika.

Buluu. Maua meupe.

Akageuka akachungulia chini. Mama alikuwa amesimama chini ya tundu la dari, uso umeinuka, kichwani yale yale maua meupe.

"Usiguse," mama alinong'ona.

"Mama. Ulijua liko huku."

"Nililiona mwaka ule ule alionioa. Tangu hapo nalifuta vumbi, nikimsubiri aseme kweli. Kulala naye, nimelala. Kumpikia, nimempikia. Hakusema. Nikachoka, nikakutuma stoo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuagizia chumvi. "Mwache baba yako wa kukuzaa amalize kazi yake."

Kutoka kwenye kiti, Solo hakulia wala kuomba kwa nguvu. Alisema tu, kwa pumzi iliyobaki, "Mwanangu."

Huyo ndiye aliyemkalisha katikati ya magoti yake. Vidole haviumi. Msusi alifikiria magoti yale, na kilicholala juu yake sasa.

Akashika funguo za nyuzi, akazungusha.

Uzi wa kwanza ulilia ukishuka. Wa pili ukashuka. Mbao ikaanza kupoa chini ya kiganja chake. Wa tatu, na wanaofuata, na kila mmoja ulishuka kama mtu anayeteremka ngazi bila kugeuka nyuma. Wa mwisho ulipolegea, sauti iliyotoka ilikuwa pumzi tu. Kisha mvua peke yake.

Chini, kiti kilitoa mlio. Solo alikuwa amesimama.

Mama akaokota ushonaji wake.

"Umemwachia Solo," alisema. "Na ule mpango wa nyuzi hakuna anayeujua. Hata ukizikaza, Chuma hatarudi. Sasa kaa na lako."

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na adabu ya hospitali. Solo alipona. Vidole vikakunjika, rangi ikarudi, akawa anapiga miluzi akichanganya sukari kwenye chai. Mama alimpakulia chakula na hakumtazama. Msusi alijiambia amefanya haki, hakuna ushahidi, mtu hahukumiwi kwa miguu kufa ganzi.

Halafu fundi redio akaja kuchukua kinanda chake. Kabla hajakifunga, akaweka santuri aone kama radi haijakiharibu.

Gitaa la Solo lilikuwa limerudi, lenye kujidai kama zamani. Likauliza. Likatulia lijibiwe.

Hakukuwa na jibu. Pale Chuma alipokuwa akijibu palikuwa na tundu, kimya chenye mikwaruzo. Fundi redio akakunja uso.

"Imelika," alisema.

"Nyamaza," Msusi alisema.

Kwa sababu ndani ya kile kimya kulikuwa na kitu. Alisogeza sikio kwenye spika. Kilikuwepo chini kabisa, mahali ambapo zamani gitaa la chuma lilikifunika. Santuri isiyo na mwimbaji. Santuri iliyotengenezwa Chuma akiwa mzima, anacheka na mpiga picha. Sauti ya mwanaume, ya upole, ya mtu aliyeinamia kazi yake.

"Bado, ndugu yangu."

Na baada yake, mlio mdogo, mkavu. Tak. Plagi ikiingia ukutani.

Fundi redio alifunga kinanda chake haraka, hakudai hata asante. Fundi huyo hakuwahi kuzungumzia jambo lile, ila kwa Mama Pacha, ambaye naye hakuwahi kulizungumza ila kwa kila mtu.

Alasiri hiyo Solo alirudi mapema. Ilikuwa siku yake ya kunyolewa. Kila mara Msusi humwosha kichwa kwanza, humkalisha kwenye kiti chekundu maji yakimtiririka, kisha humnyoa kwa ile mashine ya zamani iliyochubuka waya, ambayo Solo mwenyewe aliahidi kuitengeneza na hakuitengeneza. Mganga hajigangi. Alikaa, akanyoosha miguu, akafunga taulo shingoni.

"Mepesi," alisema, akijipiga mapaja. "Mwanangu, Mungu akubariki."

Mama alikuwa kwenye benchi. Uzi ulikuwa umesimama kwenye kitambaa.

Msusi alimwekea mashine mkononi aishike, akavuta waya mpaka kwenye soketi. Akasimama pale, plagi kati ya vidole. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kichwa cha Solo, kwenye mkono, kwenye mashine, sakafuni.

"Tayari, Baba?"

Solo akafungua mdomo.

"Bado, ndugu yangu."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya upole, ya mtu aliyeinamia kazi. Solo akajiziba mdomo kwa kiganja. Juu ya kiganja macho yake yalimtazama Msusi, yakaona kwamba Msusi anajua, yakaona na plagi.

Alikaa akisubiri. Msusi naye alisimama.

Kisha Msusi akaiweka plagi chini.

Solo akatoka na taulo shingoni, kichwa kinadondosha maji, akashuka barabara mchana kweupe mbele ya majirani wote. Tulimwamkia. Hakuitikia. Hakuchukua koleo zake, na hajaonekana tena, na nyaya zetu siku hizi zinatengenezwa na mtu mwingine ambaye hata hasengenyeki, hana habari yoyote.

Saluni ipo. Nenda usukwe, mkono wa yule binti ni mwepesi. Kile kiti chekundu kipo pia, kimefunikwa shuka, hakikaliwi. Mama Pacha alikifunua siku moja Msusi alipokwenda kuchota maji. Kwenye ngozi, pale mapaja ya mtu yanapolala, kuna michirizi iliyonyooka, imepangana toka ukingo hadi ukingo, imezama ndani kama iliyochomwa kwa nyuzi za moto.

Akaweka kidole juu yake. Ilikuwa bado ina joto.